Tumeomba namba ya mstari, tumeletewa mshale!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Yule bwana mwenye lugha yetu mpya ya programu, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo kafunga ombi langu kwa maneno matatu: "Soma msimbo wako." Mbele ya kila mtu!

Nimeomba nini kikubwa? Kompaila, ile programu inayoutafsiria kompyuta msimbo tunaoandika, ikigoma, itaje mstari wenye kosa. Basi. Sasa hivi ukisahau bano moja kwenye faili la mistari elfu mbili, inakutemea "Kosa la sintaksia" halafu kimya. Mstari gani? Faili gani? Wajukuu zangu watazeeka wakilitafuta hilo bano. Na kompaila inapita kwenye faili mstari kwa mstari, namba inayo, ila inaitupa njiani!

Dakika ileile, bila aibu, akatangaza kipaumbele cha toleo lijalo: njia ya nne ya kuandika lupu (amri ya kurudiarudia kazi), kwa alama ya mshale. Ya nne! Hizo tatu nani alilalamika hazitoshi? "Soma msimbo wako." Mimi! Niliyemwandikia majaribio yote ya hiyo kompaila!

Nukta Mkato: Siti ya mbele kabisa. Povu ruksa.

Bano Wazi: Mkuu, si usome tu msimbo wako 😂😂

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye, au umetumwa?

Lupu Isiyoisha: Mshale mbona mzuri. Kinachoniua mimi ni null, ile thamani ya "hakuna kitu" inayoangusha programu ukiigusa. Tony Hoare aliyeibuni 1965 alikuja kukiri hadharani 2009 kwamba ni kosa lake la dola bilioni moja. Bwana wetu kaiweka tangu toleo la kwanza!

Nukta Mkato: Null inavumilika. Jeneriki je, uandike msimbo mmoja utumike kwa aina nyingi za data? Lugha ya Go ilitangazwa 2009, jeneriki zikaingia 2022. Kwa mwendo huu sisi tutazikuta ahera.

Bano Wazi: Bora Go walisubiri. Java waliziingiza 2004, na hadi leo programu ikianza kukimbia, aina za data ulizozitaja kwenye jeneriki zimeshafutwa.

Mleta uzi: Jamani, NAMBA YA MSTARI! Kaniambia nisome msimbo wangu!

Lupu Isiyoisha: Tumekusikia mkuu, tulia. Hapa tuko kwenye null.

Nukta Mkato: Jeneriki kwanza.

Bano Wazi: Kabla ya yote hayo apige marufuku tabo mwanzoni mwa mistari, tutumie nafasi tu.

Lupu Isiyoisha: Aguse tabo aone. Nahama lugha leoleo.