Kambi ya uandishi Dodoma: nimelipa Sh 350,000, siku 5 zimeisha, na hakuna aliyefungua muswada wangu

Ndugu waandishi na wasomaji, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mpwapwa. Kwa miaka 4 nimekuwa nikiandika riwaya inayohusu Mtunya, ile njaa iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa kunyesha. Muswada umefika kurasa 212. Huwa naandika usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari, na nimefika mahali ambapo siwezi tena kujua mwenyewe kama mazungumzo niliyoyachanganya na Kigogo yataeleweka kwa msomaji wa Pemba au wa Bukoba, wala kama sura ya 6 na ya 7 zinamchosha mtu.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la kambi ya siku 5 nje kidogo ya Jiji la Dodoma, likiahidi muda wa utulivu wa kuandika na kwamba kila muswada ungesomwa na mhariri mzoefu, nililipa ada yote kwa mkupuo. Muswada niliutuma wiki 3 kabla, kama walivyoelekeza. Nikaitoa likizo yangu ya Juni, nikamwachia mke wangu mavuno ya mtama, nikapanda basi la alfajiri linalopitia Kongwa na Mbande.

Siku ya kwanza tulimsubiri mgeni rasmi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Alipofika alituhimiza kupenda kusoma vitabu, tukapiga picha ya pamoja, akaondoka. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za mada: kujitangaza mtandaoni, ujasiriamali, namna ya kuvutia wafadhili. Siku ya nne tulipakiwa kwenye basi dogo kwenda kuona Mji wa Serikali kule Mtumba, ambako mimi nilishafika, na hata nisingekuwa nimefika, nisingelipa ada ya kambi ya uandishi ili nikaangalie majengo ya wizara. Siku ya tano ilikuwa ya vyeti. Kwenye ratiba kulikuwa na kipengele kilichoitwa "uandishi binafsi", dakika 45 baada ya chakula cha mchana, na kila siku kililiwa na mada iliyochelewa kuanza. Chumbani tulilala watu 4, na wenzangu walitaka taa izimwe saa 4 usiku, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Nikahamia barazani, kwenye upepo wa Juni ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua, huku nimekalia karatasi zisipeperuke. Kwa siku 5 niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nyumbani kwangu, pamoja na madaftari na watoto, sikosi kurasa 5 kwa wiki.

Hayo yote ningeyameza. Lakini jioni ya siku ya nne nilimfuata mwezeshaji aliyetajwa kuwa mhariri wetu, nikamuuliza kuhusu muswada. Akanijibu kwamba uko salama kwenye baruapepe ya ofisi, nisiwe na wasiwasi. Nikamwomba anitajie tu jina la mhusika wangu mkuu. Hakulijua.

Najua wapo watakaosema kwamba mwandishi wa kweli hahitaji kambi, na watamtaja Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika idara ya forodha, na bado akatuachia hazina ile. Ni kweli, ila siikubali hoja hiyo, kwa sababu hatuwezi kujua wangapi wa wakati wake walikuwa na kipaji na wakashindwa kupata hata saa moja ya utulivu.

Kambi inaweza kumkuza mwandishi ikiwa inampa muda au inampa msomaji. Kule Marekani, MacDowell, iliyoanza mwaka 1907 katika mji wa Peterborough, humpa msanii kibanda chake mwenyewe msituni, na chakula cha mchana huachwa mlangoni ndani ya kikapu ili asikatizwe, ada halipi. James Baldwin alipata kukaa na kuandika huko. Uingereza, Arvon imekuwa ikiendesha kozi tangu mwaka 1968, ambapo mwandishi mzoefu huketi na mwanafunzi mmoja mmoja na kuzungumza naye juu ya kazi yake. Hatuna fedha zao, lakini kumwacha mtu aandike hakuhitaji fedha, na kusoma kurasa 20 za kila mshiriki kabla ya kumwita kunahitaji siku chache za kazi ambazo sisi tulikwisha kuzilipia.

Tena msaada niliupata palepale, kwa mtu ambaye naye alilipa ada kama mimi. Mama mmoja, mkunga mstaafu kutoka Manyoni, aliomba tubadilishane kurasa wakati wa mapumziko, tukakaa chini ya mbuyu uliokuwa nyuma ya jiko. Alisoma sura 3 za kwanza kimya kimya, kisha akasema: "Mwalimu, huyu bibi umemzika kabla sijamfahamu." Nilikuwa nimelipitia tukio hilo zaidi ya mara 10 bila kuliona kosa. Tangu nirudi nimeiandika upya sura ya 3, na bibi sasa anaishi hadi sura ya 9.

Waandaaji nimewaandikia barua nikidai nirudishiwe nusu ya ada, kwa kuwa chakula na malazi nilivipata. Wiki 2 zimepita bila jibu, ingawa tangazo la kambi nyingine ya mwezi Septemba limeshatoka, na ada imepanda hadi Sh 400,000. Kila aliyewahi kuhudhuria kambi za namna hii hapa Dodoma, Singida au Morogoro, naomba aeleze hapa chini alilipa kiasi gani, alipata saa ngapi za kuandika, na ni nani hasa aliyeusoma muswada wake.