Sizoni ya watekaji watoto kwenye basi la Mbeya: mwanangu ana miaka sita!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Juzi nimepanda basi Mbezi saa 12 alfajiri kuja Mbeya na mwanangu. Hadi Mikumi zilikuwa nyimbo za injili, sina neno. Tumeipita Ruaha Mbuyuni, gari linaanza kuukwea Kitonga, konda akachomeka flashi. Sizoni ya Kimarekani, wapelelezi wanamsaka mtu anayeteka watoto. Tena imetafsiriwa, DJ anaeleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi, kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia mtoto haelewi Kiingereza. Ikaonyeshwa raba moja ya mtoto kwenye matope, halafu stoo yenye giza, nikamziba macho. Masikio nayazibaje? Spika iko juu ya kichwa chake!

Nikamwomba konda kistaarabu abadilishe. "Dada, TV ni ya abiria wote." Siti za nyuma wakadakia, acha iendelee, ndiyo imenoga! Kijana mmoja akaniambia nimfunike mtoto kitenge.

Upande wa pili alikaa mama mtu mzima, anashukia Makambako aunganishe kwenda Njombe. Ameinama, machozi yanadondokea mfuko wa mikate aliopakata. Nilipompa pole akanijibu, "Mwanangu, sisi haya yalitupata." Wa kwetu mnakumbuka mwanzoni mwa 2019, Njombe ilivyozika watoto waliotekwa na kuuawa. Leo mama kama yule analipa nauli yake, anaonyeshwa jambo lilelile eti burudani, gari liko mlimani na hana pa kushukia.

Sisemi sizoni hizi zifutwe. Mimi mwenyewe naziangalia, nyumbani, watoto wakishalala, na rimoti ninayo mkononi. Uingereza vituo vya televisheni haviruhusiwi kurusha yasiyofaa watoto kabla ya saa 3 usiku. Marekani, Aprili 2013, kituo cha televisheni cha NBC kiliacha kurusha sehemu moja ya sizoni ya Hannibal iliyohusu watoto wanaofundishwa kuua familia zao, na aliyeomba isirushwe ni mtayarishaji wake mwenyewe, Bryan Fuller. Mandy Patinkin, aliyekuwa kinara wa Criminal Minds, sizoni nyingine ya wapelelezi, aliiacha 2007, na baadaye akaeleza kwamba kazi ile ilimuumiza roho. Mtu mzima, anayejua damu ile ni rangi! Mwanangu hajui.

Mafinga tumesimama kuchimba dawa, akagoma kushuka. Hatujafika mbali akajikojolea, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu. Konda akaja juu kwa ajili ya siti. Siti! Mtoto anatetemeka, yeye anaangalia siti.

Tangu tufike hapa Uyole halali taa ikizimwa. Jana kaniuliza, "Mama, yule mwenye raba alipatikana?" Nimekosa jibu, maana konda alizima tulipoingia Iringa na haikuwa imeisha. Nimemwambia alipatikana. Kaniuliza nani alimpata.

Tiketi ninayo, ina namba ya gari na tarehe. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii LATRA, wale wanaosimamia mabasi, anielekeze nianzie wapi. Na kama ulikuwa kwenye basi hilo, hata kama ulikuwa siti za nyuma, jitokeze useme ulichokiona.