Tupeane uzoefu: kwenu kijijini kura huwa zinaelekea wapi, na nani anazielekeza?

Mwenye mada (Kadutu, Bukavu)

Wapendwa, naishi Kadutu lakini kwetu kijijini ni Walungu, huku huku Kongo mashariki, na kila uchaguzi napanda gari kwenda kupiga kura huko. Naomba tusimuliane tuliyoyaona kwa macho, si ya kusikia redioni. Naanza mimi.

Mwaka 2006, duru ya pili ya urais, Rais Kabila na mpinzani wake Bemba, kwetu hakuna aliyemwuliza mwenzake anachagua nani. Mstari mbele ya shule ya msingi ulianza kabla jua halijatoka, wamama na watoto mgongoni, na jibu lilikuwa moja. Baba alisema: "Huyu amezima vita, tena tunasikilizana naye kwa Kiswahili." Bemba alikuwa mtu wa Kilingala, na kwa wazee wetu Kilingala ni lugha ya askari. Chama hakikutajwa kabisa.

2011 ikatugawa ndani ya nyumba. Kamerhe, aliyegombea urais, ni mtoto wa kwetu. Alikuwa spika wa bunge hadi 2009, akaacha kiti baada ya kupinga askari wa Rwanda kuingizwa Kivu, na kwa yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, hilo lilitosha. Baba akabaki na Kabila. Katiba ilikuwa imebadilishwa mwezi wa kwanza, duru ikawa moja tu, basi kila jioni kwenye bugali Baba anarudia: "Mnapoteza kura bure." Siku ile walikwenda kituoni kila mmoja kwa njia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kamerhe akatoka wa tatu nchini, chini ya asilimia 8. Baba hakumcheka mtoto wake. Usiku ule alimmegea yaya kipande cha kwanza cha nyama, kabla ya wageni.

Je, kwenu ni mwami, yaani chifu wa kimila, ni padri na mchungaji, ni mtoto wa kwetu, au ni chumvi wanayogawa wagombea kwenye kampeni?

Mama wa Nyangezi

Papa, kwetu kura ya rais na kura ya mbunge hazifanani hata kidogo. Ya rais tunafuata mkondo. Mbunge tunamwuliza: siku ya matanga ulikuwa wapi?

2018 mmoja alikuja na gari limejaa vitenge. Mwingine hakuwa na kitu, lakini mwaka uliotangulia jirani yetu alipofariki ndiye aliyebeba mbao za jeneza begani, kwenye matope. Vitenge tulipokea na tukavivaa. Kura tukampa wa mbao. Kwenye kituo chetu aliongoza, lakini kiti cha taifa hakupata: sheria ilikuwa imeweka kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima, na orodha yake haikufika. Hilo bado linaniuma. Mtu anapendwa na kijiji kizima, halafu kura zake zinahesabiwa kama hazikupigwa.

Na koko wangu, mzee wetu! Tulimwandikia namba ya mgombea kwenye kiganja kwa biki, maana mashine ya kupigia kura ilitaka namba. Mvua ya Desemba ikaipangusa akiwa mstarini. Kijana wa kituo akataka kumbonyezea yeye. Koko akakataa, akasema nionyesheni sura. Akazipitia picha moja moja kwa kidole hadi akamwona mtu wake, karatasi ikatoka, akaikunja mwenyewe na kuitia sandukuni. Alikuwa hajui kusoma.

Wa Idjwi

Kwetu ni kisiwa kimoja, shefri mbili, yaani tawala mbili za kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Nikisikia mgombea ametoka upande gani, nakuambia kura za familia yetu zitalala wapi.

Dada wa Panzi

Naomba kusema la 2023. Daktari Mukwege ni wa hapa hapa, ana Nobel ya amani ya 2018, na kwetu kuna wamama wanaoinuka anapopita. Lakini alipogombea urais hakufikisha hata asilimia 1 nchini. Niliwauliza wamama watatu wa ukoo wetu. Wawili waliniambia wanamtaka abaki hospitalini kwake, kule kwenye siasa wanaliwa watu. Wa tatu alisema alimchagua, na akaniomba nisimwambie mume wake. Hilo la mwisho nalifikiria sana. Tunasema "kijiji kilichagua hivi", kumbe ni sauti ya wanaume kwenye kasiksi, pombe ya ndizi.

Wa Kiwanja, naandika kutoka Goma

Ninyi mnabishana kura zilienda wapi. Sisi wa Rutshuru, na wa Masisi, Desemba 2023 hatukupiga hata moja, kwa sababu ya vita. Mpenda mtoto wa kwetu na mpenda mkondo tulikaa sawasawa. Na karti ya kura ndiyo kitambulisho chetu. Mdogo wangu alitimiza miaka 18 mwaka ule: hakuchagua, na kwenye vizuizi vya barabarani hana cha kuonyesha.

Mwenye mada

Ndugu wa Kiwanja, pole sana. Nisingejua kama usingeandika.

Dada wa Panzi, umenirudisha nyumbani. Tangu 2006 nasimulia ya Baba na ya yaya, na Mama sijawahi kumwuliza. Nimempigia simu leo. Alinyamaza kidogo, akauliza kwanza kama niko peke yangu.