Kustaafia Ziwa Nyasa: tuvuke mto Songwe kwenda Karonga au Nkhata Bay, Malawi, au tubaki Kyela?

UyoleJuu:
Ndugu zangu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mwezi wa Juni natimiza miaka 60, utumishi unaisha. Baridi ya Uyole imetushinda, magoti ya mama watoto yanagoma kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti. Tunataka kuhamia ziwani penye joto na maisha nafuu. Wengi wananishauri tuvuke mpaka wa Kasumulu tukaishi Karonga, au tushuke hadi Nkhata Bay, kwamba ukiwa na shilingi kodi ya nyumba na samaki ni bei ya chini. Naomba wanaojua wanieleze: vibali vikoje? Naweza kupata kiwanja kando ya maji? Pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, itanifikiaje? Mimi niko kwenye dawa za presha, mama anachoma insulini.

Mpakani_Kasumulu:
Shikamoo mzee wangu. Malawi na sisi tuko jumuiya ya SADC, viza haihitajiki; pasipoti inagongwa muhuri wenye idadi ya siku. Kosa la wengi ni kuufanya muhuri huo ndio makazi. Siku zikikaribia kuisha wanarudi, wanalala Kyela usiku mmoja, kesho wanavuka tena. Ofisa akiikuta mihuri imefuatana ukurasa mzima anajua huyu si mgeni tena, ni mkazi asiye na kibali, na hapo hakuna maelezo yatakayokusaidia. Ukiamua kukaa, omba kibali cha ukazi Uhamiaji wa kule siku zako zikiwa bado zipo. Kabla hujaondoka Mbeya andaa barua ya pensheni, taarifa ya benki, cheti cha polisi cha tabia njema na nakala za vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Uraia wao usiuguse: sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na ukiacha wa huku haki yako ya ardhi inayumba.

Kiwanja, mzee, hapo ndipo watu wanalizwa. Mgeni Malawi hamilikishwi ardhi, anapangishwa kwa muda usiozidi miaka 50, na ardhi ya kimila haimhusu kabisa. Dalali akisema "chifu ameshakubali, lete hela tuandikishane kwenye daftari", hela ibaki mfukoni. Karatasi hiyo haina nguvu, na kesho watoto wa ukoo wakidai eneo lao utaondoka na begi.

Pensheni iache iingie benki ya huku kwa shilingi, wewe badilisha matumizi ya wiki mbili tu. Novemba 2023 kwacha, hela ya Malawi, ilishushwa thamani kwa mkupuo: dola iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Aliyekuwa amegeuza kiinua mgongo chote kuwa kwacha alipoteza karibu theluthi kabla hajanunua hata kitanda. Mwenye shilingi alipata ahueni kwa muda, kisha bei za dukani zikapanda na kumfuata. Kwa hiyo huo "unafuu" usiupigie hesabu ya miaka kumi.

Laini yako ya simu ya huku iweke salio na uitumie kila mwezi. Ikikaa bila kutumika hufungwa, na ndiyo inayopokea namba za siri za benki. Siku za uhakiki wa wastaafu nazo uzijue mapema, ukizipita malipo yanasimama.

NesiWaBonde:
Mzee UyoleJuu, kwenu wawili suala la afya ndilo linaloamua, kodi ya nyumba ije baadaye.

Bima ya afya ya NHIF haivuki daraja la Songwe. Ng'ambo mtalipa taslimu. Na angalia umbali: ukiwa Karonga ipo hospitali ya wilaya, lakini ile kubwa ni Mzuzu, zaidi ya kilomita 200. Nkhata Bay iko mbali zaidi na nyumbani lakini Mzuzu ni kama kilomita 50 tu. Mkiwa Matema, upande wetu wa Kyela, hospitali ya KKKT (Kanisa la Kilutheri) iko palepale, na rufaa ni Mbeya ambako mafaili yenu yapo.

Presha: Mbeya mko mita 1,700, ziwa liko chini ya 500. Joto linapanua mishipa, jasho linatoa maji na chumvi, presha inashuka yenyewe. Kama kati ya dawa zako imo ya kukojosha, utaamka kitandani kizunguzungu kikuangushe. Pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo, andika, mpelekee daktari apunguze yeye. Usijipunguzie.

Insulini ya mama: ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, kwani ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa, nyingi zinavumilia wiki nne mradi joto lisipite nyuzi 30. Oktoba na Novemba pale Karonga mchana hupita hapo, na umeme hukatika. Suluhisho ni vyungu viwili: kidogo chenye insulini ndani ya kikubwa, katikati mchanga uloweshwe maji mara mbili kwa siku, juu kitambaa kibichi. Vyungu vya Wakisi vya Ikombe vinafaa mno. Ila masika hewa ikijaa unyevu maji hayakauki, na bila kukauka hakuna ubaridi. Miezi hiyo lazima friji yenye umeme wa jua. Pia joto huifanya insulini iingie mwilini haraka, sukari ikashuka ghafla. Awe na sukari ya kulamba mkobani.

Malaria: nyie ni watu wa baridi, kinga hamna. Homa yoyote, pimeni siku hiyohiyo. Mseto kwa mtu mzima ni vidonge 4 kwa dozi, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi viishe 24, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Watu hukatisha siku ya pili wakijisikia wazima.

Kichocho kipo pande zote za ziwa. Epukeni maji yaliyotulia yenye majani, ndiko konokono wanakaa. Maji ya kuoga yakitulia kwenye tangi siku mbili, wale vijidudu wanakuwa wamekufa.

FundiMsingi:
Nakubaliana na nesi. Nyongeza kwa upande wa Kyela na Matema: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Hizo mita zipime mwezi Mei, maji yakiwa juu. Ukipima Desemba maji yameshuka, utajikuta ndani ya eneo lililozuiwa.

Kabla ya kulipia, chimba shimo la mita moja na nusu mwezi Aprili, liache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji, choo cha shimo hakifai pale. Kitafurika na kuchafua kisima. Tafuta sehemu iliyoinuka kuelekea milima ya Livingstone, ukwepe bonde la Mbaka na Lufilyo. Madirisha yote wavu wenye matundu madogo, maana wale wadudu wa ziwa wanaotanda kama moshi huifuata taa na kujaa hadi kwenye sufuria.

UyoleJuu:
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Je, nikipanga kwanza kabla ya kununua, nipange miezi gani?

Mpakani_Kasumulu:
Novemba na Aprili, mzee. Novemba muone joto, Aprili muone maji. Panga Matema, na ukitamani Karonga vuka kwa muhuri wa kutembea. Shehena ya mchele wako usiitegemee kuvuka: Machi 2025 Malawi ilizuia mchele na ndizi zetu, Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao. Zuio la huku halikudumu, lakini malori yalishasimama.