Karakana moja, mashine zile zile, mbona mshahara wake unanizidi?

Fundi_Moro:
Wakubwa kwa wadogo, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda kimoja hapa Morogoro, mwaka wa sita sasa, kwa cheti cha VETA. Mwaka jana aliajiriwa kijana mwenye stashahada, nikamfundisha mashine zote mwenyewe. Juzi nimegundua kwamba analipwa 840,000 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali mimi napata 600,000. Je, ninaonewa kwa kuwa ni mwanamke, au ni vyeti tu? Naombeni ushauri kabla sijaingia ofisi ya utumishi na hasira zangu.

MpigaSpana:
Pole, dada. Kwanza linganisheni mshahara wa msingi, si jumla. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5, kwa hiyo anayekesha kiwandani atakuzidi hata kama hakuzidi ufundi. Tena, aliyetolewa kiwanda kingine huja na bei yake mkononi, wakati sisi tuliochukuliwa getini tulisaini tulichopewa, na kila nyongeza ya asilimia inakokotolewa juu ya kidogo kile kile.

BiMkubwa_Utumishi:
Mwanangu, stashahada humpandisha mtu daraja siku ya kuajiriwa, lakini haifuti uzoefu wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Kima cha chini cha sekta umekwisha kukivuka, hakitakusaidia. Uliza kama chama cha wafanyakazi kina mkataba wa hali bora na mwajiri, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi, maana madaraja mara nyingi huandikwa humo. Kijana usimtaje.

Fundi_Moro:
Ahsanteni sana. Kijana amenionyesha hati yake ya mshahara bila kinyongo. Katika tofauti ya 240,000, 160,000 ni saa za ziada na zamu za usiku, ambazo mimi niliziacha nilipojifungua. Inabaki 80,000 ya mshahara wa msingi, na hiyo ndiyo nitakayoiandikia barua. Mwenyekiti wa tawi anasema mkataba wa hali bora upo, umefungiwa kabatini kwake, kesho naufuata.