Mnaopendekeza riwaya na tawasifu humu, mnafukuza wasomaji

Wakuu, hili la kupendekeza vitabu humu jukwaani limefika pabaya na sitalinyamazia. Mtu akiuliza tu "nisome kitabu gani cha Kiswahili?", anamwagiwa majina kumi matupu. "Soma Nagona." "Haini ni moto." "Katafute cha Mzee Mwinyi." Basi, mpendekezaji ameshapita. Hasemi kitabu ni cha aina gani, kinamfaa nani, wala kinahitaji subira kiasi gani. Mgeni anatoa hela yake, anakwama ukurasa wa 15, anakiweka juu ya kabati na kuondoka akiamini riwaya za Kiswahili hazisomeki. Lawama ni yenu.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuchanganya riwaya na tawasifu, yaani kitabu ambacho mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Haini ya Adam Shafi (2003) inapendekezwa kila mara kama "kumbukumbu zake za gerezani". Ile ni riwaya! Ni kweli mwandishi aliwekwa ndani baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, na ni kweli amechota humo. Lakini Hamza ni mhusika wa kubuni, mazungumzo yametungwa, matukio yamepangwa ili msuko wa hadithi usonge mbele. Ukishamwambia msomaji ni kumbukumbu, atachukua maneno ya Hamza na kwenda kubishana nayo kwenye historia ya Zanzibar kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Anayetaka maisha ya Shafi kutoka kinywani mwake mwenyewe mpeni Mbali na Nyumbani (2013), anamosimulia safari yake ya ujana alipotoka Unguja akielekea kaskazini.

Ugonjwa huohuo umempata Ken Walibora. Kwa kuwa Siku Njema (1996) imesimuliwa kwa "mimi", watu wanaapa kwamba ndiyo maisha yake. Msimulizi wa Siku Njema anaitwa Kongowea Mswahili. Tawasifu ya Walibora ni Nasikia Sauti ya Mama, kitabu kingine kabisa. Na Kichwamaji ya Kezilahabi (1974)? Anayesema "mimi" mle ni Kazimoto, naye si Kezilahabi, hata kama wote wawili wamepita chuo kikuu. Kabla hujaandika "kisa cha kweli", fungua kurasa za mwanzo: soma dibaji, tazama kama msimulizi anaitwa kwa jina la mwandishi, tazama kama miaka na mahali vinaweza kuhakikiwa nje ya kitabu. Kazi ya dakika tano.

Tukija kwenye tawasifu za wakubwa, hapo ndipo uvivu unapozidi. My Life, My Purpose cha Mkapa (2019) kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee Rukhsa cha Mwinyi (2021) ni cha Kiswahili. Nyinyi mnavitaja pamoja bila kusema, na aliyeomba kitabu cha Kiswahili anatumwa kununua cha Kiingereza. Halafu sifa mnayotoa ni "kina mafunzo". Tawasifu ya kiongozi haipimwi hivyo. Inapimwa kwa kipi amekieleza kwa kurasa nyingi na kipi amekipita kwa aya moja, amekiri wapi, amemtupia nani lawama, na imepita miaka mingapi kati ya tukio na siku alipoliandika. Kama hukutazama hayo, sema tu umekipenda, usitupe hukumu.

Hata Shaaban Robert hamumtendei haki. Mnampa mtu Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini bila kumtahadharisha kwamba ndani kuna tenzi ndefu, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, alizowatungia wanawe. Asiyezoea ushairi akifika pale anadhani kitabu kimekatika. Na Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, aliuandika Shaaban Robert. Acheni kusema Siti aliandika kitabu.

Suala la ugumu sasa. Nani aliwaambia Nagona ya Kezilahabi (1990) ni kitabu cha kuanzia? Ni chembamba, hakifiki kurasa 100, na wembamba huo ndio unaowadanganya. Hakina msuko wa kufuata tukio kwa tukio. Ni ndoto, mafumbo na falsafa, na Mzingile (1991) kinaendeleza hapohapo. Anayeanza na Kezilahabi aanze na Rosa Mistika (1971), aende Kichwamaji, kisha Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Baada ya hapo Nagona itamkuta ana meno. Vivyo hivyo kwa Said Ahmed Mohamed: Utengano kwanza, Babu Alipofufuka baadaye sana.

Na tafadhali, mwisho wa Rosa Mistika si mali yenu ya kumwaga kwenye sentensi ya kwanza. Wengi wanaomwaga hivyo wamesoma mwongozo wa mtihani, si riwaya. Mnajulikana! Mwongozo unaorodhesha dhamira, wahusika na "ufaafu wa jina la kitabu", na mapendekezo yenu yamejaa maneno hayohayo. Wengine mmetazama filamu ya Vuta N'kuvute (2021) na mnaisifia riwaya ya Adam Shafi ya 1999 ambayo hamjaifungua. Tafsiri nazo zina mwenyewe: ukipendekeza Peponi ya Gurnah, mtaje Ida Hadjivayanis aliyeileta kwa Kiswahili, maana kila sentensi unayoisifia imepita mkononi mwake.

NYONGEZA: Wameniuliza hapo chini nionyeshe pendekezo zuri lina nini. Mfano ni huu.

Kuli, Adam Shafi, 1979, riwaya. Bandari ya Unguja, wapagazi na mgomo wa 1948. Mgomo ulitokea kweli. Rashidi, mhusika mkuu, ni wa kubuni. Lugha ni ya Unguja lakini haichoshi, na msuko unakwenda moja kwa moja tangu utoto wa Rashidi, kwa hiyo inamfaa mtu aliyeacha kusoma tangu shule. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi ameegemea upande mmoja waziwazi: matajiri ni wabaya tupu, wafanyakazi ni wema karibu wote, na baadhi ya mazungumzo yanageuka hotuba. Anayekerwa na siasa ndani ya hadithi asianze hapa, achukue Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960), upelelezi wa Bwana Msa. Nikikwambia zaidi nitakuharibia.