Wasomali wa ughaibuni: je, anayetuma fedha ndiye atawale?

Mkaazi wa Eastleigh: Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Kila mwanzo wa mwezi humsindikiza jirani yangu, mama aliyezaliwa Kismayu nchini Somalia, hadi duka la hawala, yaani la kutuma na kupokea fedha, ambako hutoa kitambulisho na kuhesabiwa dola 200 alizotumiwa na mwanawe aliye Minneapolis. Kabla hajafika mlangoni huwa amekwisha kutenga 80 za dada yake aliyebaki kwao. Juzi aliniuliza kwa uchungu kwa nini wanaorudi na pasipoti za kigeni ndio wapewao vyeo, ilhali waliovumilia vita wanabaki kutazama. Sikuwa na jibu.

Msomaji wa Garissa: Mama ana haki ya kuuliza. Mohamed Abdullahi Farmaajo, aliyekuwa rais wa Somalia kuanzia 2017, alitoka katika ajira ya idara ya uchukuzi ya jimbo la New York, na waziri mkuu wake, Hassan Ali Khaire, alikuwa na uraia wa Norway. Farmaajo aliukana uraia wa Marekani mwaka 2019, akiwa tayari madarakani. Elimu yao siipingi. Kinachoniuma ni kwamba mambo yakiharibika, mwenye nchi mbili ana pa kukimbilia.

Mwalimu Mstaafu: Kwa heshima, mimi naona vingine. Chuo Kikuu cha Amoud kule Borama kilisimama kwa michango ya wenyeji na ya jamaa zao walio nje, wakati ambapo serikali kuu ya Somalia haikuwapo kabisa. Mwaka 2013, benki ya Barclays ilipotaka kufunga akaunti za kampuni za hawala nchini Uingereza, Wasomali wa huko walipaza sauti hadi bungeni, kwa sababu walijua ni meko ya nani yangelala bila moto. Tena si kila kiongozi alitoka nje: Hassan Sheikh Mohamud, aliyechaguliwa rais mwaka 2012 na tena 2022, alibaki Mogadishu miaka ya vita, akafundisha, akashiriki kuanzisha taasisi ya elimu ya SIMAD mwaka 1999.

Msomaji wa Garissa: Hilo nakubali. Hata hivyo marais hao wawili, katika chaguzi za 2012, 2017 na 2022, walichaguliwa na wabunge, na viti vya wabunge viligawanywa kwa koo kwa kanuni ya nne na nusu: koo kuu nne fungu sawa kila moja, na jamii nyingine zote kwa pamoja nusu fungu. Hivyo mama wa Eastleigh hakumpigia kura yeyote kati yao, wala mwanawe anayetuma zile dola 200.